Faili Limekataa Kufunguka, Limekataa Kufutika: Usikubali Kufomati Haraka

Nakala ya kipindi, kwa wale ambao hawakukipata hewani
Muda: dakika 20. Mtangazaji mmoja, studioni.

[KIASHIRIO CHA KIPINDI. Sekunde 15, kisha kishuke taratibu.]

  

Hebu fikiria siku kama hii. Umesikia kuna nafasi ya masomo, na siku ya mwisho ya kupeleka karatasi ni kesho. Buletini zako na diplome ulizipiga picha zamani ukazihifadhi kwenye flashi, kwa sababu karatasi zenyewe zililowa msimu wa mvua. Unaenda stesheneri, unachomeka flashi, unabonyeza picha ya kwanza. Haifunguki. Kompyuta inaandika kwa Kiingereza kwamba faili limeharibika na halisomeki. Unajaribu kulifuta, nalo linakataa kufutika. Kijana wa stesheneri anatazama, anatikisa kichwa: "Yaya, hii imekufa. Tufomati tu, uendelee kuitumia."

Neno letu la leo ni fupi: usikubali kwanza. Mara nyingi faili la namna hiyo halijafa bado. Linakuja kuuawa na haraka yetu.

[MUZIKI. Sekunde 10.]

KILICHOHARIBIKA NI NINI?

Tuanze na jambo tunalolijua wote: siku ya posho. Karani ana orodha. Anatazama namba ya kadi yako, anaona familia ni watu wangapi, anakuita. Sasa tuseme maji yamemwagikia ukurasa wenye jina lako. Karani anatafuta, hakuoni. Kwake yeye haupo. Lakini wewe upo, umesimama mbele yake, na nyumbani kuna watoto na sufuria inayosubiri. Kilichoharibika ni ukurasa. Familia ni nzima.

Flashi na memori kadi zinafanya kazi hivyo hivyo. Ndani yake kuna vitu viwili. Kuna data zenyewe, yaani picha, sauti, barua. Halafu kuna orodha inayosema kila faili linaitwaje, lina ukubwa gani, na vipande vyake vimekaa sehemu gani ya kadi. Flashi nyingi na kadi ndogo hutumia mpangilio wa orodha unaoitwa FAT32. Kadi zinazozidi GB 32 kwa kawaida huja na mpangilio unaoitwa exFAT.

Orodha hiyo huandikwa upya kila unapoongeza faili, kulibadili au kulifuta. Ukichomoa flashi wakati kompyuta inaandika, au umeme wa sola ukikatika katikati ya kunakili, ukurasa unabaki nusu. Hapo utaona maajabu: faili lenye jina la alama zisizosomeka, tarehe ya miaka ambayo haijafika, au faili moja linalodai kuwa na GB nyingi kuliko flashi yenyewe. Hayo si mafaili ya kweli. Ni ukurasa uliolowa.

Na kufomati ni nini? Kufomati kwa haraka ni kuchana orodha yote na kufungua daftari jipya tupu. Nyumba bado zipo, lakini hakuna anayejua ni za nani. Akija mgeni anapewa kiwanja chako, na hapo ndipo nyumba yako inabomolewa kweli. Ule ufomati mrefu wa Windows ni mbaya zaidi kwa mwenye kutafuta mali yake, maana unaandika sifuri kila mahali. Huo unabomoa mtaa mzima.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: ukiona tatizo, acha kuandika chochote kwenye hiyo flashi au kadi. Usiongeze hata wimbo mmoja. Kama kadi iko kwenye simu, usipige picha nyingine. Kila kipya unachoweka kinaweza kukaa juu ya kile unachokitafuta.

[MUZIKI. Sekunde 10.]

KISA CHA KINASA SAUTI

Nawaambia haya kwa sababu nilikaribia kukosea mimi mwenyewe.

Tulikwenda kumrekodi mama mmoja aliyepotezana na watoto wake wawili wakati watu walipokuwa wakikimbia Fizi kuelekea ziwani, kabla ya kuvuka Tanganyika kwa boti. Alikuwa amekataa kuongea miaka mingi. Siku hiyo alikubali, lakini aliniambia wazi: "Mwanangu, jambo hili nitalisema mara moja. Sitalirudia." Aliongea kama dakika ishirini. Mwisho mwisho nikatazama kinasa sauti, nikakuta kimezima. Betri ilikuwa imekwisha.

Nilirudi studioni, nikatia kadi kwenye kompyuta. Faili lilikuwepo, lakini ukubwa wake ulionyesha sifuri. Nikabonyeza, halikufunguka. Nikalijaribu kwenye programu nyingine, kimya. Nikakasirika, nikataka kulifuta ili nirudishe kinasa kazini, kwani jioni kulikuwa na mahojiano mengine. Kompyuta ikakataa kulifuta, ikisema folda imeharibika. Mwenzangu akasema, fomati tu, tutamwomba mama arudie.

Nilijua hatarudia. Nikatoa kadi, nikaifunga kwenye karatasi, nikaazima kadi nyingine kwa mahojiano ya jioni.

Siku mbili baadaye, kwa utaratibu nitakaokueleza, sauti ya mama ilirudi. Zilipungua sekunde chache za mwisho, kwa sababu hizo hazikuwahi kufika kwenye kadi. Zilizobaki zote zilikuwepo. Faili lile lingekubali kufutika siku ile, huenda leo ningekuwa nawapa hotuba ya kuomba radhi.

KWA NINI LINAKATAA KUFUTIKA?

Kabla ya dawa kubwa, tazama sababu ndogo. Mara nyingi faili lisilofutika halina ugonjwa wowote.

Kwanza, linaweza kuwa limefunguliwa na programu nyingine. Barua iliyo wazi ndani ya Word, au video ambayo programu ya muziki imeishikilia, haifutiki. Funga programu zote. Ikishindikana, zima kompyuta uiwashe tena, kisha jaribu kabla ya kufungua kitu kingine.

Pili, kadi inaweza kuwa imefungwa. Kadi kubwa ya SD, na ile adapta tunayotilia memori kadi ndogo ya simu, ina kitufe kidogo ubavuni. Kikisukumwa upande wa kufunga, hakuna kinachofutika wala kuongezeka. Kisukume upande wa pili.

Tatu, flashi inaweza kuwa inazeeka. Flashi nyingine zikichoka hujifunga zenyewe: zinasomeka, lakini hazikubali kuandikwa wala kufutwa. Hii ni hisani, ichukue. Nakili kila kitu leo leo, usingoje kesho, kisha usiiamini tena.

Nne, ni ule ukurasa uliolowa. Kompyuta inakataa kufuta kwa sababu haielewi faili linaanzia wapi na kuishia wapi. Hapa usipigane nalo. Ukifanikiwa kufuta jina moja la ajabu kwa nguvu, unaweza kufuta na vipande vya faili zima la jirani yake.

[MUZIKI. Sekunde 10.]

UTARATIBU WA KUOKOA

Sasa chukua kalamu. Kompyuta nyingi za stesheneri hapa Nyarugusu zinatumia Windows, kwa hiyo nitaeleza za Windows.

Hatua ya kwanza: jaribu kwingine. Chomeka flashi kwenye tundu lingine, kisha kwenye kompyuta nyingine. Badilisha kile kifaa cha kusomea kadi. Vifaa vya bei rahisi husumbua sana, na kuna watu wamezika kadi nzima kwa kosa la kifaa.

Hatua ya pili: nakili vinavyokubali. Mafaili yanayofunguka yote yahamishie kwenye kompyuta, folda moja baada ya nyingine. Usinakili kwa mkupuo mmoja, maana likikwama moja yanasimama yote.

Hatua ya tatu: okoa bila orodha. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec. Kazi yake ni kuipita orodha na kutembea nyumba kwa nyumba. Kila aina ya faili ina alama yake ya mlangoni. Picha za JPEG, kwa mfano, huanza na alama zile zile siku zote. PhotoRec inatafuta alama hizo na kutoa kilichomo. Ubaya wake, majina yanapotea, kwa hiyo utapata picha zenye namba na utalazimika kuzipitia moja moja. Angalizo kubwa: vinavyookolewa vihifadhi kwenye kompyuta au flashi nyingine. Usivirudishe kamwe kwenye ile ile mgonjwa.

Hatua ya nne: tengeneza orodha. Hii inakuja baada ya kuokoa, siyo kabla, kwa sababu kutengeneza ni kuandika. Kwenye kompyuta, bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia, fungua sehemu ya sifa zake, nenda kwenye zana, chagua kukagua makosa. Anayejua dirisha la amri aandike chkdsk, aache nafasi, herufi ya flashi na nukta mbili, aache nafasi, kisha /f. Kama flashi ni E, itakuwa hivi:

chkdsk E: /f

Kompyuta itapitia orodha na kurekebisha kurasa. Vipande isivyojua ni vya nani itaviweka kwenye folda yenye jina FOUND.000, ndani yake kukiwa na mafaili kama FILE0000.CHK. Usiyafute! Hao ndio watu waliokosa jina kwenye orodha. Faili la mama yule nililikuta humo, lina karibu MB 100. Sauti ya WAV ya mkondo mmoja, kwa ubora wa kawaida, inakula MB 5 na kidogo kila dakika. Nikapiga hesabu: MB 100, dakika kama kumi na tisa. Ndiyo yenyewe.

Kama kompyuta inasema flashi ni RAW na chkdsk haiwezi kufanya kazi, basi orodha imekwenda yote. Rudi kwa PhotoRec.

Hatua ya tano: fungua kwa mlango mwingine. Faili likipatikana na bado halifunguki, jaribu kulingana na aina yake.

Sauti: faili la WAV lina kichwa mwanzoni kinachosema sauti ni ndefu kiasi gani. Kinasa kikizima ghafla, kichwa hakiandikwi, na programu nyingi zinakata tamaa. Audacity, ambayo ni ya bure, ina njia ya kuingiza data ghafi. Iambie sauti ni ya biti 16, kasi 44100 au 48000, mkondo mmoja au miwili. Ukisikia mtu anaongea haraka kama katuni au kelele tupu, badilisha hizo namba ujaribu tena.

Barua ya Word: usiibonyeze moja kwa moja. Fungua Word kwanza, nenda kufungua faili, lichague, kisha bonyeza kishale kilicho pembeni ya kitufe cha kufungua, uchague kufungua na kutengeneza. Ikikataa, ijaribu kwenye LibreOffice. Na kama unachotaka ni picha zilizomo tu, toa nakala ya faili la docx, badilisha mwisho wa jina uwe zip, ulifungue. Picha ziko ndani, kwenye folda ya media.

Picha: ikifunguka nusu na chini kuna rangi ya kijivu, sehemu ile ya chini haipo. Lakini kama juu kuna jina lako na namba ya karatasi, itunze. Nusu yenye namba inasaidia kuliko kukosa kabisa.

[MUZIKI. Sekunde 10.]

MASWALI YENU

Swali la kwanza, kutoka kwa kijana anayeingiza nyimbo sokoni: "Mafaili yangu yote yamegeuka kuwa njia za mkato zenye KB 1 au 2. Yamekufa?"

Hapana kaka, hayajafa. Hicho ni kirusi. Kimeficha mafaili yako na kuweka vibandiko vya uongo mahali pake. Usivibonyeze, maana kila ukibonyeza unakiamsha na kukisambaza. Chomeka flashi kwenye kompyuta yenye antivirusi, safisha kwanza, kisha kwenye dirisha la amri andika hivi, ukiweka herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yaliyofichwa yataonekana. Nakili, kisha ndipo ufomati. Ndiyo, hapa kufomati kunafaa, kwa sababu mali imeshatoka ndani.

Swali la pili, kutoka kwa mama mmoja: "Simu yangu inasema memori kadi imeharibika, niguse hapa kuitengeneza. Niguse?"

Mama, usiguse. Kule "kutengeneza" mara nyingi ni kufomati. Zima simu, toa kadi, ipeleke kwenye kompyuta ufuate hatua tulizotaja. Lakini kuna jambo moja: kama ulipoiweka kadi simu ilikuuliza utaitumia kama hifadhi ya ndani ya simu ukakubali, kadi hiyo imefungwa kwa siri na simu ile pekee. Kompyuta haitaisoma. Hapo simu yenyewe ndiyo ufunguo: usiifute upya, wala usiiuze.

Swali la tatu: "Nilinunua kadi ya GB 64 kwa bei nafuu sana. Nyimbo za mwanzo zinalia, za mwisho hazifunguki. Kwa nini?"

Pole. Huenda umeuziwa kadi ya uongo. Kuna kadi na flashi zilizochezewa zijitangaze kuwa GB 64 wakati ndani kuna 8 tu. Zikijaa zile 8, kila unachoongeza kinaonekana kwa jina lakini hakipo. Hapo hakuna wa kuokolewa, maana nyumba haikujengwa. Ukinunua kadi mpya, ipime kwa programu ya bure inayoitwa H2testw kabla ya kuweka mali yako. Huna kompyuta? Ijaze nyimbo mpaka mwisho, kisha fungua zile za mwisho kuingia. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, wakati muuzaji bado anakukumbuka.

KABLA YA KUMPA FUNDI KADI YAKO

Ndugu yangu, kwenye kadi yako mna picha za cheti cha ukimbizi, sura za watoto, pengine maelezo uliyotoa kwenye usaili wako. Kwa hiyo ukienda kwa fundi, kaa naye. Usimwachie kadi usiku. Vikishaokolewa, mwombe afute nakala mbele yako kwenye kompyuta yake, na afute hata kwenye pipa la taka. Na fundi anayesema "lazima tufomati kwanza ndipo tuokoe" amekosea mpangilio. Mshukuru, chukua kadi yako, ondoka.

NAKALA TATU

Tumalizie na kinga. Karatasi yoyote ambayo ukiipoteza utalia, iwe na nakala tatu, na moja ikae mbali na nyumba yako. Ya kwanza ni karatasi yenyewe, ndani ya mfuko wa nailoni. Ya pili ni flashi, aitunze mtu unayemwamini wa zoni nyingine, ili moto au mvua ya nyumba moja isimalize vyote. Ya tatu ni barua pepe: jitumie mwenyewe picha hizo kwenye anwani yako. Ukiipoteza simu, anwani na neno la siri unalolikumbuka kichwani vinaweza kukurudishia. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, usitume kama picha, kwa sababu picha inabanwa na maandishi madogo yanaweza kufifia.

Na kila mara, kabla ya kuchomoa flashi, chagua kuondoa kwa usalama, subiri ruhusa, ndipo uchomoe. Ni sekunde tano tu. Kuhusu betri ya kinasa sauti, sisi hapa studioni sasa tunaitazama kabla ya kumwambia mtu karibu.

[MUZIKI UNAINGIA CHINI YA SAUTI.]

Kwa kifupi, ukikuta faili limekataa: acha kuandika. Jaribu kompyuta nyingine. Nakili vinavyokubali. Okoa kwa PhotoRec. Tengeneza orodha. Kufomati kuje mwisho kabisa, mali ikiwa imeshatoka.

Yule mama alikuja studioni wiki iliyofuata kusikiliza sauti yake kabla haijaenda hewani. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja: "Na mmeiweka mahali pangapi?" Nikamjibu, patatu. Akasema, sawa, irusheni.

Swali lako liandike kwenye karatasi, uliache mlangoni pa studio au umpe mjumbe wa zoni yako. Usiandike namba ya cheti chako wala neno la siri. Tukutane kipindi kijacho. Tunza kadi yako, na Mungu akutunze wewe.

[KIASHIRIO CHA KUFUNGA. Sekunde 20.]